Nenosiri gumu, lenye nguvu au imara?

SWALI: Ninatengeneza fomu ya kujisajili kwenye tovuti. Mtu anapoandika nenosiri, mstari ulio chini ya kisanduku hubadilika rangi kumwonyesha kama amechagua vizuri. Mwenzangu ameweka maandishi "Nguvu ya nenosiri yako: ngumu". Nahisi kuna kasoro ila nashindwa kuieleza. Tuandikeje?

JIBU: Kasoro zipo, tena ya kwanza ni ya upatanisho. Ni nenosiri lako, si yako. "Yako" inaifaa nywila. Kosa hili huzaliwa pale programu inapounganisha vipande vya sentensi, "yako" moja ikabandikwa kila mahali: barua pepe yako sawa, lakini jina yako, nenosiri yako? Andikeni kila ujumbe mzima mzima. Na hiyo "ngumu" imepatana na nguvu, wakati mlilokusudia kulisifu ni nenosiri. Nguvu huwa nyingi au kidogo, haiwi ngumu.

Sasa neno lenyewe. Tunasema fahali ana nguvu, injini ina nguvu, upepo una nguvu: vitu vinavyosukuma na kuvuta. Nenosiri halimsukumi mtu. Kazi yake ni kushambuliwa lisivunjike, na sifa ya kitu cha namna hiyo tunayo tangu zamani: ukuta imara, nguzo imara, mlango imara. "Nenosiri lenye nguvu" limeenea na linaeleweka, kwa hiyo silihesabu kuwa kosa. Ila ningekuwa mimi, ningeandika "Uimara wa nenosiri".

"Gumu" ndilo linalonitia wasiwasi. Gumu kwa nani? Msomaji akiambiwa "weka nenosiri gumu" huelewa kuwa anatakiwa ajitese yeye, basi hubuni kitu asichoweza kukikumbuka, kisha hukiandika kwenye karatasi. Tunalotaka ni ugumu kwa anayekisia na wepesi kwa mwenye nalo. Mkilazimika kulitumia, limalizieni: "gumu kukisiwa".

Vipimo vingi huwa na ngazi kadhaa. Zxcvbn, programu ya kupima uimara wa nenosiri, kwa mfano, hutoa alama 0 hadi 4. Maneno yanatosha: dhaifu sana, dhaifu, wastani, imara, imara sana. Dhaifu na imara hayachukui kiambishi, kwa hiyo hata kwa wingi ni manenosiri dhaifu, kamwe si "madhaifu". Na kitendo chenyewe kiitwe kupima. Kuthibitisha nenosiri ni kuliandika mara ya pili. Mkiyachanganya hayo mawili katika fomu moja mtampoteza mtumiaji.

Angalieni pia "herufi 8". Herufi ni a, b, ch; 7 ni tarakimu, na ! ni alama. Fomu inayodai herufi 8 kisha ikakubali tarakimu humo humo inajipinga. "Herufi, tarakimu au alama zisizopungua 8" ni ndefu kidogo, lakini haina utata.

Jambo la mwisho linahusu ukweli wa neno, nami nalijali kuliko yote yaliyotangulia. Simba123! lina herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama. Kipimo kinachohesabu aina tu kitaliita imara, nalo ni neno la kawaida likifuatwa na mfuatano ambao kila mkisiaji huanza nao. Ndiyo maana mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ulipotolewa upya mwaka 2017 uliacha kupendekeza masharti ya mchanganyiko, ukataka nenosiri lilinganishwe na orodha ya yale yanayotumiwa mno au yaliyokwisha kuvuja. Msiliite imara kabla ya kulilinganisha hivyo. Likikutwa humo, hata "dhaifu" peke yake haimsaidii mtu, kwa kuwa haimwambii afanye nini. Mwandikieni: "Nenosiri hili ni rahisi kukisiwa. Jaribu maneno manne yasiyohusiana."