Maswali ya Wasomaji: Kinga ya Mwili Inapokosea Shabaha

SWALI: Mwaka jana nilichomwa sindano ya penisilini, sikuona tatizo. Mwezi uliopita nilipochomwa tena, dakika chache tu mwili ukajaa vipele, midomo ikavimba na pumzi ikabana. Dawa ni ileile. Imekuwaje?

JIBU: Mara ya kwanza kinga yako ilikuwa inajiandaa tu. Penisilini hujibandika kwenye protini za mwili, na kwa watu wachache kinga huudhania mchanganyiko huo kuwa adui. Seli B, ambazo ni seli nyeupe za kinga, zikatengeneza kingamwili (protini za kumnasa adui) aina ya IgE, nazo zikaenda kutua juu ya seli zinazoitwa masti, zilizotapakaa kwenye ngozi, njia za hewa na utumbo. Hatua hiyo haina dalili yoyote. Dawa iliporudi, ilinaswa na zile IgE, masti zikamwaga kemikali iitwayo histamini kwa mkupuo: mishipa ya damu ikatanuka na kuvuja (ndio huo uvimbe), njia za hewa zikabana. Presha nayo huweza kuporomoka.

Ikifikia pumzi au presha, dawa ni adrenalini. Vidonge vya mzio hupunguza muwasho na vipele, lakini havifungui njia ya hewa wala havipandishi presha, na wengi hupoteza muda wakivisubiri vifanye kazi. Mtu mzima huchomwa miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, katikati upande wa nje, na hurudiwa baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Alazwe chali, miguu iinuliwe. Akihema kwa shida akae kitako, ila asisimamishwe, maana presha ikiwa chini kusimama ghafla kunaweza kumuua. Abaki chini ya uangalizi, kwa kuwa dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Wewe sasa mwambie kila anayekutibu. Taja pia amoksilini na ampisilini, ambazo ni za ukoo huohuo.

SWALI: Mwanangu ana kisukari aina ya kwanza. Daktari anasema mwili wake umejishambulia wenyewe. Je, ni kwa sababu tulimpa sukari nyingi?

JIBU: Hapana, msijilaumu. Seli T, kundi jingine la seli nyeupe za kinga, hukomalia kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kidari. Humo hupimwa, na zile zinazoshambulia tishu za mwili huuawa. Mchujo huo hauna ukamilifu. Chache huponyoka, na kwa kawaida seli T nyingine maalumu huzidhibiti. Kwa mwanao udhibiti ulishindwa, seli T zikaziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Kazi hiyo huchukua miezi au hata miaka kimyakimya, ndiyo maana kiu, mkojo mwingi na kukonda hujitokeza akiba ikiwa imekwisha kupungua sana.

Insulini isikatwe hata siku anayougua na kukataa kula. Dozi ndiyo hurekebishwa, kwa maelekezo ya daktari. Akitapika, akahema kwa kina na kwa kasi, au pumzi ikanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.

SWALI: Vidonge vya "kuongeza kinga" vinasaidia?

JIBU: Kama una upungufu wa vitamini au madini fulani, kuufidia kunasaidia. Kama huna, faida ni ndogo, na tazama majibu mawili ya juu: kinga hizo hazikukosa nguvu, zilikosa shabaha. Zinki ikizidi ndiyo kichekesho kabisa. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni miligramu 40 kwa siku. Ukipitiliza kwa muda mrefu, huzuia shaba isifyonzwe, na shaba ikipungua, neutrofili, yaani seli nyeupe zinazowahi kupambana na bakteria, hupungua pia. Ukiona unaugua maambukizi mara kwa mara, anza na vipimo: picha kamili ya damu, sukari na VVU.