Kabla Hujaandika "Wamakonde" Kwenye Kadi

Juzi nimemwona kijana wetu mpya stoo ya makumbusho akikinusa kinyago, akatabasamu, akaandika kwenye kadi: "Wamakonde, cha kale." Kidogo nimnyang'anye kalamu. Wadogo zangu, tusikilizane.

1. Moshi si umri. Kinyago cha juzi kikining'inizwa juu ya mafiga kitanuka kama cha babu.

2. Ukiona mfereji wa bungua umepasuliwa wazi usoni mwa kinyago, mdudu alitangulia, tezo ikafuata. Mti mkuukuu, kazi mpya.

3. Hapa ndipo penye kidonda changu. Mwaka wangu wa pili kazini nililetewa lipiko, kinyago cha Wamakonde cha kuvaa kichwani ngomani: nywele za binadamu, chale za nta, ndani weusi tii. Nikaandika kurasa nne. Nne! Jando nikalieleza, na "mwanzoni mwa karne ya 20" nikaiweka bila mkono kutetemeka. Wakubwa wakasifu. Siku moja akapita mzee mmoja, mchongaji, aliyecheza mapiko ujanani. Akalipima mkononi, akaguna: "Zito hili." Akaligeuza, akachungulia ndani, akaniuliza kwa upole ulioniua kabisa: "Mwanangu, mchezaji angeona wapi?"

Lipiko la kuvaa kama kofia huinamishwa kichwani, mchezaji akatazama kupitia mdomoni. La kwangu mdomo ulichongwa juu juu tu, haukutobolewa. Na ule weusi wa ndani ulikuwa sawasawa kote, kama uliopakwa kwa brashi, maana ulipakwa kwa brashi. Jasho la mtu huacha doa pale panapogusa kipaji na utosi, halitandi kama rangi ya ukuta. Miezi miwili nilikuwa na tochi mfukoni! Kadi ile nimeipiga mstari mmoja tu, ili muisome.

4. Lipiko la mpingo? Pambo la mezani hilo. Mpingo huzama majini. Nani acheze nao kichwani usiku kucha?

5. Mwana hiti, kile kisanamu cha mbao cha mwali: Wazaramo wanao, Wakwere wanao, Waluguru wanao. Andika "Wazaramo au Wakwere", usione haya. Lebo ya zamani pengine inataja kiliponunuliwa, si kilipochongwa.

6. Kuwa halisi si kuwa halali. Lipiko lililoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984 lilirudi kutoka Geneva 2010. Ulizeni kimepita mikononi mwa nani.

Na wewe uliyenusa, kigeuze kile kinyago. Kina alama za msumeno wa umeme.