Muulize Fundi: Mlango wa Choo Ufunguke Upande Gani?

SWALI: Habari yako Fundi. Ninasimamia choo cha kulipia karibu na steji ya matatu hapa Kisumu. Maji yapo, sabuni haikosi, na wateja wengi hunawa bila kuambiwa. Shida ni mlango mkubwa. Ukitaka kutoka lazima uuvute, kwa hiyo aliyenawa anashika kishikio kilekile alichokishika asiyenawa. Wengine hukishika kwa karatasi ya choo kisha huiangusha hapohapo, nami ndiye ninayeokota. Tajiri wangu anataka kununua mlango wa stima unaojifungua wenyewe, kama wa supamaketi. Utatufaa? – Mama wa Kondele

JIBU: Mama, usiwakasirikie hao wa karatasi. Wameona kasoro ambayo fundi aliyeuweka mlango huo hakuiona.

Kabla tajiri hajatoa pesa, mwambie ageuze mlango. Ufungukie nje. Anayeingia ndiye avute, kwa kuwa bado hajanawa na atanawa baadaye. Anayetoka na mikono safi asukume kwa bega, kiwiko au nyonga. Kama fremu ni ya mbao, kazi yenyewe ni kuhamisha bawaba, kung'oa ule ubao mwembamba unaozuia mlango usipite, na kuupigilia upande wa pili. Nusu siku inatosha. Fremu ya chuma ni kazi zaidi, kwa sababu bawaba zimechomelewa na lazima zikatwe, lakini hata hiyo haifikii bei ya mota. Kitasa cha kuzungusha kitolewe kabisa, mahali pake pawekwe springi ya kuurudisha mlango. Usiku mnapofunga, kufuli ya nje inatosha.

Vyumba vya ndani viacheni na makomeo yao. Komeo huguswa kabla ya kunawa, na mwanamke anahitaji kujua amejifungia. Mlango wa kuhangaikia ni ule unaoguswa baada ya sabuni.

Kama tajiri anabisha, mwonyeshe nilivyomwonyesha mwenye kibanda kimoja cha chakula miaka kadhaa iliyopita. Alisema mlango wa choo chake ni safi kwa sababu anaupangusa kila asubuhi. Nilikipaka kishikio bluu kidogo ya kufulia, ile ya unga. Saa nane mchana bluu ilikuwa kwenye mfereji, kwenye kiti, kwenye kombe la chai, na kwenye kidole cha mwanawe aliyekuwa akila mandazi. Hakusema neno. Kesho yake aliniita nilete bisibisi.

Angalieni pia kilicho nje. Mlango unaofungukia kwenye njia ya watu utampiga mtu usoni, hasa mtoto. Ukatwe dirisha dogo la kioo kizito juu ya kimo cha macho, mwanga upite bila watu kuchungulia, na sakafuni pachorwe rangi kuonyesha mlango unafika wapi. Kama nje ni barabara yenyewe na hakuna nafasi, msigeuze. Nitawaambia la kufanya.

Lakini ningekuwa mimi mwenye choo, na nafasi ipo, ningeung'oa mlango huo mkubwa kabisa. Jengeni ukuta wa kukinga mbele ya lango, mtu aingie kwa kukunja kona mara mbili. Vyoo vingi vya viwanja vya ndege vimejengwa hivyo. Nami sikujifunzia huko: bafu la nyanya yangu lilizungushiwa matete, ncha moja ikapita nyuma ya nyingine, na hakuna aliyewahi kumwona mtu akioga. Njia iwe na upana wa sentimita 120, na kwenye kona mwache mita moja na nusu ili kiti cha magurudumu kigeuke. Kisichokuwepo hakishikwi, hakivunjiki, na hakihitaji kupanguswa.

Kama kugeuza na kujenga vyote haviwezekani, wekeni kishikio cha kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja. Chukua bapa la chuma la upana wa milimita 40, ulikunje kama ndoano pana, ulifunge kwa bolti kwenye kimo cha mita moja hivi. Mtu anaingiza mkono hapo na kuvuta bila kutumia vidole. Kipo pia cha mguu, kibati kilichofungwa chini ya mlango ambacho unakikanyaga na kuvuta. Hicho nilikitengeneza sana mwaka 2020, na nilikosea: niliacha ukingo mkali, na mama mmoja aliyevaa slipasi alichubuka kidole. Tangu siku hiyo ninaukunja ukingo na kuusugua kwa tupa mpaka uwe laini. Hata hivyo, kwa sakafu yenye maji sikipendekezi. Kumsimamisha mzee kwa mguu mmoja kwenye saruji iliyolowa ni hatari.

Kuhusu stima: milango ya kuteleza inayojifungua yenyewe ilibuniwa na Wamarekani wawili, Horton na Hewitt, mwaka 1954 huko Corpus Christi, Texas, kwa sababu upepo uliisumbua milango ya kusukuma. Nasi tuna upepo wa ziwa jioni, lakini springi nzuri inauweza. Stima ikipotea na mlango hauna njia ya kusukumwa kwa mkono, umewafungia watu ndani. Hapo steji, siwashauri.

Na mfereji wenu ni wa kuzungusha? Basi tatizo ni lilelile: unafunguliwa kwa mkono mchafu, unafungwa kwa ule uliokwisha kunawa. Mwaka huohuo wa 2020 mtoto wa miaka 9 kutoka Bungoma aliunda mashine ya mbao ambayo ukikanyaga ubao, chombo kinainama na maji yanatoka. Misumari na mbao tu. Fundi yeyote wa soko la Kibuye hapo Kisumu atawatengenezea.

SWALI: Nasikia shaba huua vijidudu. Tubadilishe vishikio vyote vya shule yetu? – Mwalimu, Nakuru

JIBU: Ni kweli, Mwalimu. Utafiti uliochapishwa Machi 2020 ulionyesha kirusi cha korona hakikuonekana hai kwenye shaba baada ya saa 4, lakini kwenye plastiki na chuma kisichoshika kutu kilidumu siku 2 hadi 3. Sasa fikiria kengele ya mapumziko. Watoto wanapita mlangoni mmoja baada ya mwingine, na saa 4 ni muda mrefu mno. Shaba pia haifanyi kazi ikipakwa vanishi, na ikikaa mahali pasipo na mlinzi itaishia kwa wauza vyuma chakavu. Anza na milango ya vyoo: geuza bawaba. Pesa ikibaki, weka shaba kwenye chumba cha wagonjwa, ambako mlango hauna budi kushikwa.