Pai ya nyanya wa mume wangu haikuganda

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni Mkenya, mwenyeji wa Kisii, naishi Minnesota. Mume wangu ni mzaliwa wa huku. Nyanya yake aliyekuwa Wisconsin alitutoka mwaka huu, na mama mkwe amenikabidhi kadi yake ya pai ya krimu, brandi na likeri ya chokoleti. Kila Sikukuu ya Shukrani wao hula pai hiyo, na mwaka huu wamesema niitengeneze mimi. Kadi ina mistari michache tu: pakiti 1 ya Knox (jelatini, unga wa kugandishia), maji baridi ½ kikombe, sukari ⅔, chumvi kidogo, mayai 3, brandi ¼ kikombe, crème de cacao (ndiyo hiyo likeri ya chokoleti) ¼, krimu vikombe 2, ganda la biskuti. "Weka kwenye baridi." Basi. Nimeijaribu, na baada ya usiku mzima kwenye friji juu ilikuwa majimaji, chini kukawa na nyuzi ngumu zinazovutika. Tena sikujua ninunue crème de cacao nyeupe au ya kahawia. La pili ni mamangu. Atakuwa huku wakati huo kutoka nyumbani, ni Msabato, na hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Wifi yangu anasema pombe ikichanganywa na vitu vya moto huisha yenyewe, kwa hiyo mama ale tu, hakuna haja ya kumwambia. Ni kweli?*

*Mke wa Mjukuu, Minnesota*

Marahaba, mwanangu, na poleni sana na msiba. Nianze na la mama, maana la pai linaweza kusubiri kidogo.

Si kweli. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina jedwali la kiasi cha pombe kinachobaki katika chakula. Ukiitia kwenye kitu kinachochemka kisha ukaepua, karibu asilimia 85 inabaki. Katika pai yako brandi haikaribii hata mchemko, inaingia sufuria ikiwa imeshatoka motoni. Nimepiga hesabu ya kadi yako: ukikata pai vipande vinane, kila kipande kina pombe inayokaribia robo ya kopo la bia. Mtu mzima anayekunywa hataisikia, lakini mama yako ameshika neno lake maisha yake yote, na kumlisha kwa siri ni kumvunjia heshima kwenye meza ya wakwe zake. Mwambie wifi yako hivyo kwa upole, pengine anadhani anarahisisha mambo. Na watoto wa hapo nyumbani wasipewe pai hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza. Jelatini ya Knox iliyotajwa kwenye kadi hutengenezwa kwa nguruwe. Kwa Msabato hilo ni zito sawa na brandi. Ukiondoa pombe na kuacha pakiti ile, bado hujamtengenezea mama chochote anachoweza kula. Bahati yako uko Minnesota. Ingia katika maduka ya Wasomali pale Minneapolis, uliza jelatini ya halali ya ng'ombe, kisha usome pakiti mwenyewe kabla ya kulipa. Pakiti moja ya Knox ina takriban gramu 7, nawe pima gramu hizo hizo. Ningekushauri uitumie katika pai zote mbili. Ladha haibadiliki hata chembe, na jikoni hutakuwa na pakiti mbili za kuchanganya.

Sasa kadi. Nilipika kwa miaka kadhaa katika jiko la nyumba ya wazee huko Milwaukee, na pai hii naifahamu vizuri, kwa sababu akina bibi wa pale walikuwa wakiiulizia. Wisconsin ni jimbo linalosifika Marekani nzima kwa kupenda brandi. Katika mikahawa yao ya jioni kando ya maziwa, mlo ukiisha mtu huagiza Brandy Alexander, yaani brandi, crème de cacao na krimu, au aisikrimu badala ya krimu, na kungumanga kidogo juu. Pai ya nyanya wa mumeo ni kinywaji hicho kilichogandishwa. Namna ya kukigandisha, kwa jelatini na ute wa mayai uliopigwa, ni ya pai za shifoni, ambazo mwokaji Monroe Boston Strause alizianzisha California miaka ya 1920. Nyanya hakuandika hatua kwa sababu kila mwanamke wa rika lake alikuwa anazijua. Alichohitaji kukumbushwa ni vipimo tu.

Ambacho hakikuandikwa, basi, ni joto, na hapo ndipo pai yako ilipoharibikia. Zile nyuzi za chini ni jelatini iliyokutana na moto kabla haijanywa maji. Majimaji ya juu ni krimu iliyotiwa wakati mchanganyiko bado una uvuguvugu, ikayeyuka.

Mimina maji baridi, mililita 120, kwenye sufuria ndogo. Nyunyiza jelatini juu yake, isimwagwe mahali pamoja, kisha iache dakika tano bila kuigusa mpaka chembe zote zivimbe na kulainika. Ndipo utie nusu ya sukari, chumvi na viini vitatu, uweke kwenye moto mdogo sana na ukoroge bila kuacha, mwiko ukipita chini kabisa na kwenye kona. Kama una kipimajoto, fikisha nyuzi 71 za Selsiasi, yai liwe salama. Kama huna, angalia mgongo wa mwiko: pitisha kidole, na njia ya kidole ibaki wazi. Usisubiri kuona povu la mchemko, viini vitakatika. Epua, ndipo utie brandi na crème de cacao.

Hapo sasa ndipo pai inapokubali au kukataa. Weka bakuli la mchanganyiko ndani ya bakuli kubwa la barafu na maji, usimame hapo hapo. Usiende kujibu simu. Koroga taratibu, na kila baada ya muda mfupi inua mwiko uangalie tone. Mwanzoni linaanguka na kupotea. Baadaye linaanguka zito, na mwisho mchanganyiko unakuwa kama ute wa yai bichi, mwiko ukipita unaacha alama juu yake kabla haujajifunika. Ukigusa bakuli kwa nje ni baridi kabisa. Toa kwenye barafu wakati huo huo, maana ukichelewa itaanza kushikana kwenye kuta za bakuli na utapata mabonge. Ikikuwahi, usiitupe: weka bakuli juu ya maji ya moto kidogo, koroga ilainike, urudi barafuni. Bibi mmoja wa pale Milwaukee alinieleza kwamba kwao, enzi za ujana wake, bakuli lilitolewa nje kwenye theluji ya kibaraza cha nyuma, na watoto walikatazwa kufungua mlango mpaka mama aseme.

Ute wa mayai matatu upige na sukari iliyobaki. Zamani ulitiwa mbichi. Mimi huuweka pamoja na sukari hiyo juu ya mvuke, nakoroga mpaka ufike nyuzi 71, kisha napiga kwa mashine mpaka usimame na kung'aa. Kuna wageni wazima na wazee mezani, kwa nini ubahatishe? Changanya ute na ule mchanganyiko wa baridi kwa mwiko mpana, ukiinua kutoka chini kuja juu, bila kupiga. Halafu krimu kikombe kimoja iliyopigwa, kwa mkono ule ule mwepesi. Kikombe cha pili ni cha kupamba.

Ganda ni jepesi. Vikombe moja na nusu vya biskuti zilizosagwa (graham, au digestive kama uko mbali na maduka ya Marekani), siagi gramu 85 iliyoyeyushwa, sukari vijiko vitatu vya chakula. Lishindilie kwenye sahani ya pai ya inchi 9, lioke dakika kumi kwa nyuzi 175 za Selsiasi, lipoe kabisa kabla ya kujaza. Usiku mzima kwenye friji. Itengeneze Jumanne usiku au Jumatano asubuhi, maana Alhamisi ya sikukuu bata mzinga atakuwa ameshalimiliki jiko.

Kuhusu rangi ya crème de cacao, ladha zinakaribiana sana, tofauti ni ya macho. Nyeupe itakupa pai ya rangi ya pembe ya ndovu, kahawia itakupa rangi ya maziwa yaliyotiwa kakao. Usiniulize mimi, muulize mama mkwe, au tafuta picha za sikukuu zao za zamani uangalie mezani. Na zaidi ya rangi, mwombe aje asimame nawe jikoni siku hiyo. Amemwona mama yake akiinua mwiko ule mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai, na nina hakika kuna kitu anakijua ambacho hakijawahi kuandikwa kwenye kadi. Kumwomba hivyo hakupunguzi kitu kwako. Yeye ndiye aliyefiwa na mama.

Pai ya mama yako ifuate hatua zile zile. Badala ya brandi, chemsha kikombe kimoja cha juisi ya tofaa mpaka ibaki robo kikombe. Badala ya crème de cacao, chemsha maji robo kikombe na kijiko kimoja cha chakula cha unga wa kakao na kimoja na nusu cha sukari, uchuje. Kikipungua kwenye moto, ongeza maji kifike tena robo kikombe. Watu watakushauri utie kahawa kali, lakini Wasabato wengi hawanywi kahawa, kwa hiyo iache. Na ukipenda kuongeza vanila, angalia: ile ya chupa inayouzwa Marekani kwa jina la ekstrakti ina pombe isiyopungua asilimia 35. Tumia ganda la vanila lenyewe, hata la Uganda linapatikana, ukwangue mbegu zake kwenye sufuria pamoja na viini. Na ukipamba kwa matunda, usitumie nanasi wala papai ambalo halijapikwa, hata likiwa limeiva, vinavunja jelatini na pai itarudi kuwa maji.

Juu ya pai ya nyanya paruzia kungumanga. Juu ya pai ya mama paruzia chokoleti, watu wazitofautishe kwa macho, na umweleze mama ipi ni ipi kabla hajaketi. Kila pai iwe na kisu chake. Kichovye kwenye maji ya moto, kifute, kata, kisha kifute tena kabla ya kipande kinachofuata.