Swali la lugha: ua nadra, ua adimu au ua haba?

SWALI: Hujambo, Mwalimu. Chama chetu cha mazingira hapa Kasarani, Nairobi, kinaandaa maonyesho ya picha za mimea. Chini ya picha moja nimeandika: "Hii ni maua nadra ya familia ya haradali inayopatikana kwenye mlimani." Mwenzangu anashikilia kwamba neno sahihi ni adimu, na mwingine anataka haba. Picha yenyewe ni ya Arabis alpina, na ilipigwa Mlima Kenya. Tumfuate nani?

JIBU: Sijambo, ndugu msomaji. Wa haba mwambieni apumzike. Haba hupima kiasi: maji haba, fedha haba, haba na haba hujaza kibaba. Ua halipimwi kwa kibaba.

Ubishi wa kweli ni kati ya nadra na adimu. Adimu husemwa juu ya kitu chenyewe: kipo, ila ukikitafuta utahangaika. Ndiyo maana kuna madini adimu, na sukari ikikosekana madukani tunasema imeadimika. Hata ile tashbihi ya insha za shuleni, adimu kama wali wa daku, inahusu kitu ambacho mtu angekitaka asikipate. Nadra nalo huhesabu mara. Ni nadra kumkuta fundi huyu dukani Jumatatu. Kupatwa kwa jua ni tukio la nadra. Ukisita, weka "mara chache" mahali pa neno hilo. "Ni mara chache kumkuta fundi" inakubalika. "Ua mara chache" haikai. Basi kisarufi mwenzako wa adimu ameshinda, na neno lenyewe halibadiliki: ua adimu, maua adimu, mmea adimu. Maadimu hakuna.

Lakini msishangilie bado, kwa sababu kibandiko kinaweza kuwa na sarufi safi na bado kikadanganya. Arabis alpina ni adimu wapi? Kwenye milima ya Alps huko Ulaya ni mmea wa kawaida kabisa, na unafika hadi maeneo ya Aktiki, kule kwenye baridi karibu na Ncha ya Kaskazini. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliupa jina hilo mwaka 1753. Huku kwetu unaota juu Mlima Kenya na Kilimanjaro, na pia katika milima ya Ethiopia. Watafiti wa vinasaba wanaona kwamba asili yake ni Asia Ndogo, yaani eneo la Uturuki ya leo, na kwamba uliingia Afrika Mashariki na Ethiopia kwa safari mbili tofauti. Mmea uliosafiri hivyo hauitwi adimu hivi hivi tu. Anayeuona kwa nadra ni mkazi wa Kasarani, ambaye hapandi mlima wa mita 5,199 kila wikendi. Kwa hiyo nadra yako ina kazi bado, mradi uihamishe kutoka kwenye ua uipeleke kwenye kuliona.

Kosa kubwa zaidi hamkuligusa: "hii ni maua". Nairobi nzima inasema hivyo. Pita City Market kwa wauza maua utasikia "hii maua ni pesa ngapi?", na muuzaji haulizi anamaanisha moja au kumi. Nadhani watu wanalikimbia ua kwa sababu ni fupi mno na linafanana na kitenzi cha kuua. Kwenye maandishi usilikimbie. Moja ni ua hili, mengi ni maua haya. Ukiandika ua huu, msomaji wa Pwani atafikiri umepiga picha ya uzio au uwanja wa nyumba, ambao wingi wake ni nyua.

"Kwenye mlimani" ni kurudia: chagua mlimani au kwenye mlima. Familia si kosa, wanabiolojia huitumia, ila katika bango la watu wote napenda jamii. Haradali wengi wetu tuliijulia kanisani, katika ile punje ya Injili, kuliko jikoni. Ningeongeza kwamba sukumawiki, kabichi na figili ni ndugu zake. Mgeni wa maonyesho aliyewahi kuacha sukumawiki ichanue shambani ataelewa papo hapo: petali nne zilizopangwa msalaba, na stameni (viungo vya kiume vya ua) sita, nne ndefu na mbili fupi. Ua la picha yenu lina mpangilio huo huo, ila ni jeupe.

Mimi ningeandika: "Hili ni ua la Arabis alpina, mmea wa jamii ya haradali na sukumawiki unaoota juu Mlima Kenya. Ni nadra kuliona usipopanda mlima." Jina la Kilatini liwe katika italiki, na alpina ianze kwa herufi ndogo hata kama bango zima mmelipamba kwa herufi kubwa.