Kiporo nilikipasha mpaka kikatoa moshi, mbona wateja wametapika?

SWALI: Habari za kazi Bwana Afya. Mimi ni mama lishe wa Tandika. Jumamosi nilipata oda ya shughuli nikapika wali mweupe kilo 10, ukabaki karibu nusu sufuria, frijini hautoshi nikaufunika tu nikauacha jikoni. Asubuhi nikaupasha mpaka ukatoa moshi, nikauza saa mbili na maharage. Kufika saa tano wateja wanne wananipigia wanatapika, mmoja anasema nimemwekea kitu. Wali haukunuka wala kuchacha. Nimekosea wapi?

JIBU: Pole sana mama, na asante kwa kuuliza mana wengi wangenyamaza. Sijapima huo wali, lakini kwa ulivyoeleza, wali umelala nje halafu watu wanatapika ndani ya saa tatu, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni bakteria anaitwa Bacillus cereus. Huyu anatoka na mchele wenyewe shambani, ana vijimbegu vyenye ganda gumu, unapika maji yanachemka vyenyewe vinabaki hai vimetulia tu, ukiuacha wali upoe taratibu ndio vinaamka, vinazaliana na kutema sumu. Na sumu yake haivunjiki kwa moto. Yani hapo asubuhi ungeupasha hata saa nzima, bakteria wanakufa ila sumu iko palepale kwenye sahani, haina harufu wala ladha. Kwahiyo kosa halikuwa kwenye kupasha, kosa lilikuwa usiku.

Najua utasema kiporo tumekula na chai tangu utoto. Kweli, ila nyumbani ni kasufuria kadogo kanapoa haraka, na hata hivo kuna siku mtoto alitapika tukasema kavimbiwa. Sufuria la kilo 10 ukilifunika, katikati linabaki vuguvugu mpaka usiku wa manane, na joto kati ya nyuzi 5 na 60 ndio wanalolipenda.

Fanya hivi. Wali ukibaki usiuache kwenye sufuria, umwage kwenye masinia mapana usambae wembamba, funika na chandarua ya chakula inzi wasitue, ukipoa weka kwenye vyombo vidogo vifupi uingize frijini, yote hiyo isizidi saa mbili tangu utoke motoni. Kesho yake pasha mara moja tu, mpaka katikati pawe pa moto kabisa, ukibaki tena mwaga. Kama friji imejaa basi usilaze wali, pika kilo tatu tatu kadri watu wanavyokuja. Najua bei ya mchele, najua kumwaga nusu sufuria kunavyouma, lakini faida ya ile nusu sufuria ni ndogo kuliko wateja wanne. Na hotpoti inatunza chakula kilichoingia cha moto, haipashi kilichopoa.

Angalia pia msaidizi wako, mwenye kidonda au jipu mkononi asiguse chakula, mana kuna bakteria mwingine wa kwenye vidonda na puani anaitwa Staphylococcus naye sumu yake haifi kwa kupasha, na dalili zinafanana.

Hao wanne wapigie leo. Wanywe maji ya ORS kidogo kidogo, wengi hupata nafuu ndani ya siku moja, ila anayetapika kila anachokunywa, anayeharisha damu, mtoto au mjamzito aende kituo cha afya na aseme alikula wali uliolala.