Kwa nini sifuri, na si sita?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Tulipewa mlinganyo (x − 2)(x + 3) = 6 na kutakiwa kutafuta thamani za x. Kwa kuwa mabano yalikuwa tayari yamepangwa, niliandika x − 2 = 6 na x + 3 = 6, nikapata 8 na 3. Mwalimu aliikosoa kazi yote, ingawa nilipoiweka 3 katika mlinganyo ilikubali. Nimekosea wapi?

JIBU: Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu limegusa mahali ambapo wengi hupita kwa mazoea bila kujiuliza. Namba mbili zinapozidishwa na kutoa sifuri, hakuna njia nyingine isipokuwa mojawapo iwe sifuri, na ndiyo maana tunaruhusiwa kuyatenganisha mabano na kushughulika na kila moja peke yake. Sita haina sifa hiyo. Zao la 6 hupatikana kwa 2 na 3, kwa 12 na nusu, kwa −1 na −6, na kwa jozi nyingine zisizo na idadi. Kwa hiyo kujua kwamba zao ni 6 hakukuambii lolote kuhusu bano moja likiwa peke yake.

Basi 3 ilikubalije? Ukiweka 3 mahali pa x, bano la pili huwa 6 na la kwanza huwa 1, na 1 mara 6 ni 6. Ni sadfa tu iliyotokana na namba za swali hili. Ile 8 inatoa 6 mara 11, yaani 66, na hapo ndipo njia yenyewe inapojifichua kuwa si sahihi.

Fungua kwanza mabano upate x² + x − 6 = 6, kisha hamisha 6 ya kulia ili ubaki na x² + x − 12 = 0. Sasa tafuta vigawo viwili vya −12 ambavyo jumla yake ni 1, yaani ile namba inayoizidisha x. Kwa kuwa zao ni hasi, kimoja kitakuwa chanya na kingine hasi. Na kwa kuwa jumla ni chanya, kilicho kikubwa bila kujali alama ndicho chanya. Kati ya 1 na 12, 2 na 6, 3 na 4, ni 4 na −3 pekee vinavyofaa. Hivyo (x + 4)(x − 3) = 0, na x ni −4 au 3. Jaribu −4 katika mlinganyo wa awali: −6 mara −1 ni 6. Hili ndilo jibu ambalo njia yako ililipoteza, na kwa maoni yangu kulipoteza ni kosa zito kuliko kuandika ile 8, kwa sababu jibu lisilo sahihi hugunduliwa kwa kulijaribu, lakini lililokosekana halionekani popote.

Jihadhari pia na kosa lililo ndugu ya hilo: katika x² = 5x, wengi hugawanya pande zote kwa x na kubaki na 5, wakisahau kwamba x yenyewe yaweza kuwa sifuri. Andika x² − 5x = 0, kisha x(x − 5) = 0, nawe utapata 0 na 5 zote mbili.